Mtoto Amefunga Choo: Kutoka Dalili Mpaka Chanzo

Mtoto akifunga choo, swali la kwanza la kila mtu ndani ya nyumba huwa ni hilo hilo: "Ana siku ngapi hajaenda?" Siku zina maana yake, ila sizo zinazotoa jibu. Kuna mtoto anayekwenda chooni mara tatu kwa siku na bado amefunga, kwa kuwa kila akienda anatoa vidonge viwili vitatu vikavu huku analia. Kuna mwingine anakaa siku tatu, anatoa choo laini, anainuka na kurudi kwenye mchezo wake. Huyo wa pili hana tatizo lolote.

Kwa hiyo tazama mambo matatu: choo kikoje, kinatokaje, na mtoto anafanya nini pale anapobanwa na haja. Katika kukitazama choo, wahudumu wengi wa afya hutumia chati ya Bristol ya mwaka 1997, inayogawa kinyesi katika aina 7. Aina ya 1 ni vidonge vigumu vilivyoachana, kama mavi ya mbuzi. Aina ya 2 ni choo kirefu kilichoshikana lakini kina mabonge mabonge. Aina ya 3 na ya 4 ni choo kirefu kinachotoka bila taabu, na aina ya 7 ni maji matupu. Mtoto anayetoa aina ya 1 au ya 2 amefunga choo hata kama anakwenda kila siku.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na ya mwanao. Mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja, na mara nyingi zinafuatana: choo kigumu huzaa kujizuia, kujizuia huzaa chupi iliyochafuka.

Kabla ya yote: dalili za kumpeleka hospitali moja kwa moja

Katika kila watoto 100 waliofunga choo, zaidi ya 90 hawana ugonjwa wowote nyuma yake. Hao wachache waliobaki ndio wasiotakiwa kutuponyoka. Usianze na dawa za nyumbani ukiona lolote kati ya haya:

- Kinyesi cheusi cha kwanza hakikutoka ndani ya saa 48 baada ya kuzaliwa, au shida ya choo ilianza ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha.
- Anatapika, hasa matapishi ya kijani, au tumbo limevimba na kukakamaa.
- Ana homa, amelegea, amekataa kunyonya au kula.
- Haongezeki uzito, au unapungua.
- Choo hutoka chembamba na bapa kila mara.
- Damu imechanganyika ndani ya choo, au inatoka bila choo kuwa kigumu.
- Miguu haina nguvu, au mwendo wake umebadilika, au kuna kishimo au kishungi cha nywele mwishoni mwa uti wa mgongo.
- Tundu la haja kubwa halijakaa mahali pake, au ni dogo kuliko kawaida.

Dalili ile ya kwanza ina uzito wa pekee. Mtoto mchanga aliyechelewa kutoa kinyesi cheusi anaweza kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inakuwa haina chembe za neva, kwa hiyo inabaki imebana na choo hakipiti. Hakuna tunda wala dawa ya kulainisha itakayouponya, unahitaji upasuaji. Ndiyo maana daktari akikuuliza habari za siku mbili za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, hata kama sasa ana miaka mitatu, usione kuwa anapoteza muda.

Mtoto mchanga amekaa siku nyingi, lakini choo kikija ni laini

Kama ananyonya maziwa ya mama peke yake na amepita wiki 6 hivi, huenda hajafunga choo. Maziwa ya mama hutumika mwilini karibu yote na mabaki huwa machache, kwa hiyo mtoto anaweza kukaa wiki nzima au zaidi. Tazama mengine: ananyonya vizuri, uzito unapanda, analowesha nepi, anajamba, tumbo ni laini. Yote yakiwa sawa, mwache.

Kabla ya umri huo hali ni tofauti. Mtoto wa wiki mbili au tatu asiyepata choo kwa siku kadhaa huenda hapati maziwa ya kutosha. Mpeleke akapimwe uzito, na mama atazamwe anavyomnyonyesha.

Anajikamua, uso unamwiva, analia, kisha anatoa choo laini

Hii huwatia hofu wazazi kuliko inavyostahili. Mtoto wa miezi michache anaweza kujikamua na kulia dakika 10 au zaidi, halafu choo kinachotoka kinakuwa laini kabisa. Hajafunga choo. Bado hajajua kufanya mambo mawili kwa pamoja, yaani kusukuma kwa tumbo na wakati huohuo kulegeza misuli ya chini. Atajifunza mwenyewe, na kwa kawaida hali hii hupotea kabla hajafika miezi 9.

Unachotakiwa kuepuka ni kumchokonoa. Ncha ya kipimajoto, kijiti cha pamba, kipande cha sabuni: vyote hivyo vinaweza kumjeruhi au kumuunguza, na hata visipomjeruhi vinamzoesha kungoja kuchokonolewa ndipo atoe choo. Mkunjie miguu kuelekea tumboni, mpapase tumbo, na umngoje.

Choo kimekuwa kigumu tangu alipobadilishiwa maziwa au alipoanza kula

Kama anatumia maziwa ya kopo, anza na kijiko. Unga ukijazwa kwa kulundikwa badala ya kusawazishwa, au maji yakipunguzwa, maziwa yanakuwa mazito na choo kinakauka. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye kopo hilo hilo, kwa kijiko cha kopo hilo hilo. Usiyazimue maziwa ili kulainisha choo, kwa sababu utamnyima chakula na kuvuruga chumvi za mwilini mwake. Maziwa yaliyoongezwa madini ya chuma hulaumiwa sana, mara nyingi bila kosa. Dawa ya chuma ya matone au ya maji ndiyo inayoweza kukaza choo kwa baadhi ya watoto. Ikiwa ameandikiwa, zungumza na aliyeiandika kabla ya kuiacha, kwa sababu upungufu wa damu nao ni tatizo.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 hapewi maji ya kunywa kama tiba ya choo. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na ndani ya maziwa hayo maji yamo. Asali nayo isimguse ulimini kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli.

Baada ya miezi 6, anapoanza kula, mpe maji kidogo kidogo pamoja na chakula na umpondee matunda. Peasi na plamu husaidia zaidi kwa sababu zina sorbitoli, sukari ambayo haifyonzwi yote na hivyo huvuta maji ndani ya utumbo. Uji laini wa nafaka iliyokobolewa, usiku na mchana, bila tunda wala mboga, ni chanzo cha kawaida cha choo kigumu katika umri huu, na kukirekebisha ni rahisi.

Anajificha, anasimama kwa ncha za vidole, anabana makalio

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote kwa mtoto wa miaka miwili, mitatu, minne, na ndipo watu wazima wanapokosea zaidi kusoma dalili.

Mtazame kwa makini. Anacheza, ghafla ananyamaza. Anakwenda nyuma ya kiti au nyuma ya pazia. Anashika ukingo kwa mikono miwili, ananyanyukia ncha za vidole, miguu imenyooka kama haina magoti, au ameipishanisha. Makalio yamebana. Uso umeiva na jasho limemtoka juu ya mdomo. Ukimwuliza, "Umebanwa?" anajibu, "Hapana." Baada ya dakika chache anaachia pumzi na kurudi kucheza. Mzazi anayeona hivi husema mtoto anasukuma na choo kimekataa kutoka. Sivyo. Mtoto anazuia, na amefaulu kuzuia.

Kwa nini azuie? Kwa sababu kilimuuma. Inatosha mara moja: alipata homa akaacha kunywa, au safari ilimvuruga, au alilazimishwa poti kabla hajawa tayari, choo kikatoka kigumu na kikamchana. Kwa akili yake ya miaka miwili hitimisho ni la haki kabisa: kitu hiki kinaumiza, sitakiruhusu tena. Tatizo ni kwamba kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji, na hauachi kuifanya kwa sababu mtoto anaogopa. Kila saa choo kinapobaki ndani kinakauka na kingine kinaongezeka nyuma yake. Kitakachotoka kesho kitakuwa kikubwa na kigumu kuliko cha leo, kitauma zaidi, na hofu itathibitishwa.

Hili likiendelea wiki kwa wiki, puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo inayohifadhi choo, inatanuka. Ikishatanuka inahitaji choo kingi zaidi ndipo itume ishara ya haja. Mtoto aliyekuwa akizuia kwa makusudi sasa kweli hasikii.

Ukielewa mzunguko huu, utaona kwa nini kumkalisha kwa nguvu kunaharibu. Utaona pia kwa nini ndizi moja au glasi ya maji haiwezi kuuvunja. Hofu ya mtoto mdogo haiondoki kwa kuambiwa "haiumi". Inaondoka baada ya choo kutoka mara nyingi mfululizo bila kuuma. Kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Lainisha kwanza. Hapa, kwa maoni yangu, dawa ya kulainisha choo haitakiwi kuwa kimbilio la mwisho. Mtoto ambaye tayari anajizuia anahitaji choo laini kiasi kwamba hata akijaribu kukibana kinamshinda, na chakula peke yake mara chache hufika hapo. Dawa inayochaguliwa kwanza katika miongozo ya madaktari wa tumbo la watoto ni makrogoli, unga unaochanganywa na kinywaji. Usipopatikana, hutumika laktulosi. Zote mbili hufanya kazi kwa kushikilia maji ndani ya choo. Makrogoli ichanganywe na maji kwa kipimo chote kilichoandikwa, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayokwenda kulainisha. Kiasi hupangwa kwa uzito wa mtoto, kwa hiyo mtoa huduma ndiye akupangie.

Poti iwekwe pembeni kwanza. Kama mafunzo yalikuwa yameanza, yasimamishe kwa wiki kadhaa na umrudishie nepi bila kumsimanga. Mtoto akiomba nepi ili ajisaidie, mpe. Choo kilichotoka ndani ya nepi ni bora kuliko kilichobaki tumboni.

Kisha, akishazoea kuwa hakiumi, anza kukaa. Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka, kwa hiyo wakati mzuri ni baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni. Dakika 5 zinatosha, zisizidi 10. Miguu isining'inie: weka kigoda chini ya nyayo mpaka magoti yapande juu kidogo ya nyonga, mwili uelekee mbele, viwiko juu ya mapaja. Mpe mapovu ya sabuni ayapulize, au puto. Kupuliza kunakaza misuli ya tumbo na kulegeza ya chini, na mtoto anasukuma bila kujua kwamba anasukuma. Msifu kwa kukaa, hata kama hakikutoka kitu. Ukisifu choo tu, siku kisipotoka atajiona ameshindwa.

Kwa mtoto aliyeanza shule, uliza habari za choo cha shuleni. Wengi hujizuia mchana kutwa kwa sababu mlango haufungi, kuna harufu, au mwalimu haruhusu kutoka darasani. Hapo tiba inaanza kwa kuzungumza na mwalimu.

Chupi inachafuka, au "anaharisha" bila kikomo

Mama anafua chupi tatu, nne kwa siku. Choo ni chepesi, cha kahawia, kinanuka sana, kinatoka kidogo kidogo. Mtoto hasemi kitu, na akiulizwa anasema hakujua. Nyumbani wanaona ni kuharisha, au ni uvivu, au ni ukaidi.

Mara nyingi huyu amefunga choo kupita kiasi. Bonge kubwa limekwama kwenye puru iliyotanuka, na choo chepesi kinachotoka juu kinapenya pembeni mwa bonge hilo na kuvuja. Misuli iliyochoka kuzuia haiwezi kukishika, na neva zilizozoea kujaa hazimpi taarifa. Anaposema hakujua, anasema kweli. Kumchapa, kumtia aibu mbele ya wenzake, kumwita majina, ni kumwadhibu kwa jambo ambalo mwili wake hautawali. Naliandika hili kwa uzito wote, kwa kuwa aibu hiyo huendelea kumuumiza mtoto hata baada ya tumbo kupona.

Kosa la pili ni kumpa dawa ya kuzuia kuharisha. Inafunga zaidi kilichokwisha kufungwa.

Utatofautishaje na kuharisha kwenyewe? Kuharisha huja kwa ghafla, mara nyingi na homa au kutapika, na huisha ndani ya siku chache. Kuvuja huku hudumu wiki na miezi, hukatizwa na choo kimoja kikubwa ajabu, kisha hupungua siku moja mbili, halafu hurudi. Tumbo ukilipapasa chini, hasa upande wa kushoto, unaweza kugusa bonge. Mtoa huduma aliyezoea atalitambua kwa mkono. Kwa kawaida hakuna haja ya picha.

Hatua ya kwanza ni kusafisha, kwa maana ya kulitoa bonge lote. Bila hilo, dawa ya kila siku itapita pembeni na kuongeza uchafu tu. Kwa makrogoli, kiasi cha kusafisha ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, kwa siku 3 hadi 6, chini ya maelekezo ya daktari. Panga wiki ambayo mtoto atakuwa nyumbani. Jua mapema kwamba katika siku hizo chupi zitachafuka zaidi kabla ya kukauka. Wazazi wengi wanaiacha dawa hapo hapo, wakidhani imezidisha ugonjwa, na bonge linabaki. Endelea mpaka kinachotoka kiwe majimaji yasiyo na mabonge. Akianza kutapika au tumbo likivimba, simamisha na umwone daktari.

Kupiga bomba kunaweza kutoa bonge pia, lakini kwa mtoto ambaye tayari anaogopa kuguswa sehemu ile kunaongeza hofu. Kuwe uamuzi wa daktari, pale dawa ya kunywa isipowezekana. Bomba la maji ya sabuni lisitumike kabisa, linaunguza utando wa utumbo. Lile la fosfeti ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Mafuta ya parafini ya kunywa (ile dawa ya kulainisha choo, si mafuta ya taa) wasipewe watoto wachanga wala mtoto anayepaliwa au kutapika ovyo, kwa kuwa yakiingia kwenye mapafu yanaleta nimonia.

Damu kidogo juu ya choo au kwenye karatasi

Damu nyekundu, mbichi, mstari mmoja juu ya choo kigumu, na mtoto analia wakati kinapita: kwa kawaida ni mpasuko mdogo pembeni mwa tundu. Choo kikiwa laini hupona chenyewe. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika chache, mfute kwa maji badala ya kumkwangua kwa karatasi, na usisimamishe dawa ya kulainisha, kwa kuwa choo kigumu kimoja kitaufungua upya. Damu iliyokolea, nyingi, au iliyochanganyika na choo irudishe kwenye ile orodha ya juu.

Tumbo linauma, chakula hakiliki, na sasa anakojoa kitandani

Mtoto aliyejaa choo hana nafasi ya chakula. Anakula vijiko viwili anasema ameshiba, anashika kitovu, kisha baada ya kupata choo anakula kama hajawahi kuona chakula. Hiyo "baada ya" ni ushahidi mzuri, iandike.

Mkojo unahusika kwa sababu puru na kibofu ni majirani. Puru iliyojaa inakiminya kibofu: kinapata nafasi ndogo na hakimaliziki. Matokeo yake ni kukojoa mara kwa mara, kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameshaacha, na kuugua maambukizi ya njia ya mkojo tena na tena. Ukitibu mkojo peke yake utarudi hospitali; uliza habari za choo.

Nimempa matunda, mboga na maji, hakuna mabadiliko

Chakula kinafaa kuzuia na kumsaidia aliyefunga kidogo. Kwa aliyekwisha kujaa, hakitoshi. Nyuzinyuzi huongeza ukubwa wa choo. Ukimpa kwa wingi mtoto ambaye bonge limeziba njia, umeongeza foleni nyuma ya kizuizi. Lengo ni kiasi cha kawaida, na kanuni rahisi ni umri wake kwa miaka kujumlisha 5, kwa gramu: mtoto wa miaka 3 apate gramu 8 hivi kwa siku. Mboga za majani, maharage, papai, peasi na tufaha pamoja na ganda lake, na nafaka isiyokobolewa vinafika hapo bila taabu.

Maji nayo: mtoto asiyekunywa vya kutosha atafaidika akinywa vya kutosha. Anayekunywa vya kutosha ukimwongezea atakojoa zaidi tu. Mkojo wenye rangi ya kukolea ndio wa kukuambia kwamba anahitaji zaidi.

Kabla ya kuongeza kitu, tazama cha kupunguza. Mtoto wa miaka miwili anayetembea na chupa ya maziwa mchana kutwa na kulala nayo usiku anashiba maziwa, hali chakula chenye nyuzinyuzi, na choo chake kinakuwa kikavu. Baada ya mwaka mmoja, nusu lita ya maziwa kwa siku inatosha. Wapo wachache ambao maziwa ya ng'ombe yenyewe ndiyo chanzo, hasa wenye pumu ya ngozi au historia ya mzio katika familia. Ikiwa tiba ya kawaida imeshindikana, daktari anaweza kushauri kuyaondoa kwa wiki 2 hadi 4 na kutazama. Usiyaondoe mwenyewe kwa muda mrefu bila kujua utamlisha nini badala yake.

Angalia pia dawa anazotumia kwa ugonjwa mwingine. Dawa za kikohozi zenye kodeini, baadhi ya dawa za mafua na mzio, na baadhi ya dawa za kifafa hukaza choo.

Dawa ilifanya kazi, tukaacha, tatizo likarudi

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na jibu lake karibu kila mara ni kwamba dawa iliachwa mapema. Choo kikilainika wiki ya kwanza, mzazi anaona kazi imekwisha. Lakini puru iliyotanuka kwa miezi haijirudi kwa wiki moja, na hofu haijasahaulika. Miongozo inataka tiba iendelee angalau miezi 2, na mtoto awe amekaa mwezi mzima bila dalili yoyote ndipo dozi ianze kupunguzwa, tena kidogo kidogo. Kwa mtoto aliye katikati ya mafunzo ya poti, dawa isiachwe mpaka mafunzo yakamilike. Wengi huhitaji miezi mingi: katika waliofikishwa kwa mabingwa, karibu nusu ndio wanaokuwa wamepona na kuacha dawa baada ya miezi 6 hadi 12.

Wasiwasi wa wazazi ni kwamba utumbo utakuwa mvivu na mtoto atategemea dawa maisha yake yote. Makrogoli na laktulosi hazifanyi hivyo. Zinashika maji kwenye choo, na utumbo unaendelea kufanya kazi yake. Kinachoudhoofisha utumbo ni kuachwa umejaa na kutanuka.

Makosa mengine mawili yanafanana na kuacha mapema. La kwanza ni kumpa dawa siku ya shida tu: siku tatu bila dawa, kisha dozi kubwa, choo cha maji, hofu, kisha tena siku tatu bila dawa. Dawa hizi ni za kila siku. La pili ni dozi ndogo inayobaki ileile huku mtoto anakua. Pima kwa choo chenyewe: kinatakiwa kuwa laini, kila siku au siku moja ndiyo moja hapana, bila maumivu. Kikiwa maji, punguza kidogo bila kuacha. Kikianza kuwa na mabonge, ongeza. Mwombe mtoa huduma akwambie mapema mpaka wa kupanda na wa kushuka, ili usisubiri miadi kwa kila badiliko.

Weka daftari dogo karibu na choo: tarehe, aina ya choo kwa namba ya chati, maumivu yalikuwepo au hapana, chupi ilichafuka au hapana, dozi ya siku hiyo. Wiki mbili za daftari hilo zinamsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya kukumbuka.

Na baada ya dawa kuachwa, macho yawe kwenye nyakati zinazojulikana kurudisha tatizo: homa, safari, kuzaliwa kwa mdogo wake, wiki za kwanza za shule. Ukiona amerudia kusimama kwa ncha za vidole nyuma ya kiti, rudisha dozi ya mwisho iliyomfaa siku hiyo hiyo, kama mlivyokubaliana na daktari. Ukingoja mpaka atimize siku tano bila choo, utalazimika kuanza upya na kusafisha.